Tulishindana kupima uzito wa koo zetu kwa baiti, hesabu ikagoma kujumlika

Wakuu, nawasalimu wote, wa code na wasio wa code.

Najua humu mtu akisema "hili lilinitokea" wengine mnaanza kuchemsha maji mkijua chai, yaani stori ya kutunga, inakuja. Chemsheni tu. Ninayoyasimulia yana mashahidi, na mmoja wao yumo humu humu. Nimembadilisha jina ili asinifuate inbox na matusi yake.

Ambao hamjawahi kuandika code msikimbie uzi. Sehemu ya kompyuta ni ndogo na nitaieleza kwa Kiswahili cha nyumbani.

Twende.

Mimi ni Mnyamwezi niliyezaliwa Pwani. Mzee alihamishiwa Kibaha kikazi, akastaafu, akajenga Mlandizi, na huko ndiko tunakoishi. Baadaye tukamleta Bibi mzaa baba kutoka Ilolangulu, Tabora, maana alikuwa amebaki peke yake na miguu imeshaanza kumgomea.

Bibi anaitwa Nyamizi. Mimi ananiita mume wangu, na kila binti niliyewahi kumpeleka nyumbani amepokewa kama mke mwenza, kwa maswali makali kuhusu kupika. Ni mcheshi huyo mama, hakuna mfano.

Ila ana jambo moja ambalo halina ucheshi.

Baba yake, Shija, aliondoka Ilolangulu wakati Bibi bado ananyonya. Alikwenda manamba, yaani wale vibarua wa mkataba waliokuwa wanasombwa kutoka bara kuja kukata mkonge huku Pwani. Aliaga kwamba anakwenda kutafuta hela ya kodi na atarudi. Hakurudi. Hata salamu haikurudi.

Mama yake Bibi alimsubiri mpaka akazeeka. Wanaume walikuja kuposa, akawa anawaambia ana mume. Akafa hivyo hivyo.

Bibi halii akisimulia haya. Anauliza tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza chumvi iko wapi: "Hivi baba yangu alikufa, au alitusahau?"

Alishamwambia mzee wangu kwamba kama alikufa, basi kifo hakina kesi, atamwombea. Kama aliwasahau, anataka aonyeshwe kaburi amwambie maneno yake akiwa bado na pumzi. Vyovyote vile, asizikwe kabla hajajua.

Mzee alijaribu kuulizia kwenye yale mashamba ya zamani upande wa Ruvu. Mkonge ulishakufa, pamekuwa viwanja na mashamba ya watu. Nani atamkumbuka manamba mmoja kati ya maelfu? Mzee akakata tamaa. Bibi hakukata.

Sasa shikeni hilo, tuhamie ofisini.

Nafanya kazi Maili Moja, kwenye kaofisi ka kutengeneza mifumo ya shule na zahanati. Ninakaa meza moja na jamaa nitakayemwita Shabani, Mzaramo wa Kisarawe, kwao ni Mzenga. Mnajua Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Basi mniwekeeni hao wawili ndani ya chumba kimoja chenye feni mbovu, kazi inafanyika saa ngapi?

Nikiingia asubuhi: "Mnyamwezi, shusha mzigo upumzike." Yaani ananikumbusha mababu zangu walivyobeba pembe na marobota mpaka pwani. Na mimi namwambia ngoma ya kwao inaanza msimu wa korosho na kuisha msimu wa korosho, hata mgonjwa anaombwa avumilie mpaka ngoma ipite. Alipofiwa na mjomba wake nilikwenda msibani nikalala mbele ya jeneza nikadai elfu kumi ndiyo lipite. Wenye utani wanaelewa. Wasio na utani mtuombee.

Siku moja mchana, tumekula wali na samaki wa mama wa pale nje, ubishi ukazuka. Ukoo wa nani mkubwa.

Mimi nilikuwa na silaha. Nilishaandika programu ndogo kwa lugha ya Python ya kuhifadhi ukoo wetu, kwa sababu ya Bibi. Anakaa uani anapeta mchele, anataja watu, mimi naandika. Nikamwambia Shabani, "Sisi tumeingia kwenye kompyuta. Nyie mmeingia wapi zaidi ya ngomani?"

Akasema, "Nipe hiyo programu, niingize wa kwetu. Tuone laptop yako itabeba."

Na hapo ndipo wazo lilipozaliwa, wakuu. Tusihesabu watu, maana kuhesabu watu atasema nimeficha. Tupime uzito. Tuangalie ukoo wake unakula memory kiasi gani na wa kwangu kiasi gani. Mwenye baiti nyingi, ndicho kipimo cha hiyo memory, ndiye mshindi, anayeshindwa ananunua chakula wiki nzima.

Ujinga mtupu. Lakini ndivyo utani ulivyo.

Hapa naomba niwaeleze kidogo wasio wa fani, maana bila hapa hamtaona nilichokiona.

Kila kitu unachokiweka kwenye programu kinakaa mahali kwenye memory, na mahali hapo pana anwani. Kwenye Python hata namba moja, hiyo 1 ya kawaida, inakula baiti 28. Namba moja! Jina tupu lisilo na herufi hata moja linakula zaidi ya baiti arobaini. Kumbe hata kitu kisicho na kitu kina uzito wake, kwa sababu lazima kijulikane ni kitu gani na nani anakitumia.

Sasa kuna kifaa cha kupimia kinachokuja na lugha yenyewe. Ukikipa orodha ya watu mia kinakupa jibu dogo la kuchekesha. Kwa nini? Kwa sababu ndani ya orodha hakuna watu, kuna anwani zao. Ni kama umeambiwa upime nyumba mia ukaenda kupima funguo zake.

Kwa hiyo lazima uandike kipimo chako mwenyewe kinachofuata kila anwani mpaka mwisho. Kinafungua orodha, kinamkuta mtu, kinampima. Ndani ya mtu kinakuta jina, kinalipima. Kinamkuta baba yake, kinamfuata. Kwa baba kinamkuta babu. Kinapanda hivyo mpaka kusikokuwa na mtu tena.

Na kuna sharti moja: usipime kitu kimoja mara mbili. Ndugu saba wana baba mmoja, huwezi kumpima mzee wa watu mara saba. Basi kila anwani unayoipita unaiweka alama, ukiikuta tena unaipita kimya. (Wale wa C++ msinianze, najua kwenu mambo ni tofauti, fungueni uzi wenu.)

Na kwenye programu yangu nilikuwa nimeweka utaratibu mwingine kama huo. Ukiingiza mtu, kwanza inaangalia: yupo mwenye jina hili, aliyezaliwa kijiji hiki? Kama yupo, haitengenezi mpya, inakuunganisha na yule yule. Bibi alikuwa anamtaja mtu mmoja mara kumi, nisingeweza kuwa na Masanja kumi.

Basi. Shabani akachukua programu, akampigia shangazi yake Mwajuma aliyeko Mzenga. Shangazi Mwajuma si mtu wa kuandika, ni mtu wa voice note. Zilikuja voice note nyingi, nyingine kuku wanasikika. Programu yangu ilikuwa inamdai kila mtu jina, alipozaliwa, baba na mama, na Shabani akawa anamsumbua shangazi wa watu: baba yake huyu nani, na huyu je, na yule je.

Shangazi akachoka. "We mtoto, sisi ukoo tunaufuata kwa mama. Hao mababa unawataka wa nini?"

Lakini akajaza.

Siku ya mashindano ilikuwa Ijumaa, Shabani ametoka msikitini na kanzu yake nyeupe, bosi hayupo. Tukakaa. Nikapima ukoo wangu peke yake. Nikapima wa kwake peke yake.

Alinipita, wakuu. Alinipita vibaya. Wazaramo wanazaana, tuseme ukweli. Alisimama juu ya kiti akapiga vigelegele kama mama wa mwali, dada wa mapokezi akaja kuangalia kuna nini.

Mimi kwa kutafuta pa kufichia aibu nikasema, hebu tupime zote mbili kwa pamoja, tuone laptop inabeba mzigo gani.

Nikapima. Nikajumlisha zile mbili za mwanzo kwenye karatasi. Hazikulingana.

Jumla ya pamoja ilikuwa pungufu.

Shabani akasema, "Mnyamwezi, kipimo chako cha sokoni hicho."

Mimi sikushtuka sana. Nilijua kuna vitu vinatumiwa na pande zote mbili. Majina, kwa mfano. Kama kwetu yupo Juma na kwao yupo Juma, programu yangu inaliweka neno "Juma" mahali pamoja na wote wanaelekezwa hapo. Ukipima kila ukoo peke yake neno linahesabiwa kila upande, ukipima pamoja linahesabiwa mara moja. Kwa hiyo upungufu fulani ni wa haki.

Nikaondoa majina yote ya watu na ya vijiji kwenye kipimo. Nikaondoa na namba. Nikabaki na watu tu, wenyewe kama wenyewe. Hapo hesabu ilitakiwa ikae sawa kabisa, kwa sababu mtu wa ukoo wangu wa Tabora anatafuta nini kwenye ukoo wa Shabani wa Kisarawe?

Nikapima tena.

Pungufu.

Safari hii ilikuwa kidogo sana. Kiasi ambacho mtu mwingine angefunga laptop akaenda zake. Lakini anayefanya kazi hii anajua, upungufu mdogo unauma kuliko mkubwa. Nikaona ni bug, yaani kosa ndani ya code. Nikapitia kipimo mstari kwa mstari, Shabani amekaa pembeni anakula karanga na kunitania. Sikuona kosa. Nikakijaribu kwa vitu vya uongo, kikatoa majibu sahihi. Nikarudi kwenye koo zetu, pungufu lile lile.

Mwishowe nikaamua kukiuliza kipimo chenyewe: niambie ni anwani gani umeikuta kwangu, ukaikuta na kwake.

Ikaja anwani moja. Moja tu.

Nikaifungua nione kuna nani.

*Lubasha. Amezaliwa: Ilolangulu.*

Wakuu, Lubasha ni babu yake Bibi. Ndiye baba yake Shija, yule aliyekwenda manamba. Mimi nilimwandika kwa mikono yangu, Bibi akiwa anapeta mchele, na juu yake Bibi hakumjua mtu.

Nikamuuliza Shabani, "Lubasha ni nani kwenu?"

Akatafuna karanga. "Lubasha yupi? Aah, huyo. Baba yake babu Sefu. Babu Sefu ndiye aliyemzaa babu yangu Athumani. Alikuwa mtu wa bara huyo Sefu, alikuja akaoa kwetu. Shangazi kasema kijiji chao kinaitwa sijui Ilo nini, mimi nikaandika tu."

"Ilolangulu."

"Hicho hicho. Kwani unakijua?"

Nilikuwa naangalia ile anwani. Kompyuta haijui utani, haijui Mzaramo wala Mnyamwezi. Mimi na yeye tulikuwa tumeandika kila mtu wa kwake kwa wakati wake, tukishindana, na yenyewe huko ndani imemweka mzee mmoja mahali pamoja na kutuelekeza wote kwake. Na imekaa kimya. Isingekuwa kupima isingesema.

Nilimweleza Shabani habari ya Bibi. Yote. Akaziacha karanga.

Lakini mimi si mtu wa kukurupuka. Ilolangulu ni kubwa, na Lubasha si jina la mtu mmoja. Inawezekana kabisa walikuwepo wawili, na huo utaratibu wangu wa "jina na kijiji" ukawaunganisha kimakosa. Nikimpelekea Bibi habari ya mtu mwingine nitakuwa nimemfanyia ukatili. Shabani akaelewa. Akampigia shangazi Mwajuma, akaweka loudspeaker.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba. Bado hamjamaliza hao watu?"

"Shangazi, babu Sefu kabla hajasilimu aliitwa nani?"

Kuku wakasikika. "Eeh, jina lake la huko kwao? Wazee walikuwa wanamwita Shija. Hata bibi yetu, mkewe, alikuwa akimkasirikia anamwita Shija. Kwa nini?"

Shabani alinitazama.

Miaka yote ananiambia nishushe mzigo. Kumbe na yeye ni mzigo wetu.

Nikamsalimia shangazi, nikajitambulisha, nikauliza kwa adabu kama babu Sefu aliwahi kusema aliacha mtu huko bara. Shangazi akasema yeye alimkuta mzee sana, hakuwa msemaji. Walichoambiwa ni kwamba alitoka kwenye mkonge mgonjwa, akavuka Ruvu kwa miguu na wenzake, wenzake wakaendelea naye akaanguka Mzenga. Mwanamke mmoja akamuuguza. Alipopona alikuwa hana nauli, hana nguvu za kutembea hadi Tabora, na baadaye akawa na watoto.

Kwa hiyo hakufa. Hilo lilinikata maini. Hakufa, alikaa, akaoa, akazaa. Nikaanza kufikiria nitamwambia nini Bibi. Swali lake lilikuwa na majibu mawili, na moja nimeshaliona si lenyewe.

Nikakaa kwenye kiti bila raha. Ndipo nikakumbuka yale majina.

Si niliondoa majina yote kwenye kipimo? Niliyaona ni takataka, maneno tu yanayofanana, Juma na Juma. Nikayarudisha. Nikaiambia programu initolee kila neno ambalo koo zote mbili zinalitumia.

Yakaja machache. Lubasha na Ilolangulu, hayo nilishayajua. Juma. Asha. Mlandizi. Tabora.

Na Nyamizi.

Nikamgeukia Shabani. "Nyamizi kwenu ni nani?"

"Bibi Mizi? Marehemu. Dada yake babu Athumani. Mtoto wa kwanza wa babu Sefu."

Mtoto wa kwanza, wakuu. Mtu ameanguka ugenini, amesilimu, amebadilishwa jina, ameoa kwa watu wanaofuata ukoo wa mama, hana lake tena pale. Akazaliwa binti. Katika majina yote ya Kiislamu na ya Kizaramo yaliyokuwepo, akampa jina la Kinyamwezi la mtoto mchanga aliyemwacha mgongoni kwa mama yake.

Nilitoka nje nikasimama kwenye jua. Sioni aibu kusema nililia. Dada wa mapokezi alidhani nimefukuzwa kazi.

Jioni nilimkuta Bibi uani. Nilipiga magoti, jambo ambalo huwa sifanyi, akajua kuna neno.

"Mume wangu, nani amekufa?"

Nikamwambia hajafa mtu. Nikamwambia nimemwona baba yake. Nikamweleza taratibu, habari ya mkonge, ugonjwa, Mzenga, jina jipya, ndoa. Alinisikiliza ameshika ungo mapajani, hapeti wala hauweki chini. Nilipofika kwenye ndoa uso wake ulijifunga. Akasema polepole, "Basi alitusahau."

"Bibi, mtoto wake wa kwanza wa huko alimwita Nyamizi."

Akanitazama.

"Alimwita nani?"

"Nyamizi."

Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia tena nirudie. Nilirudia mpaka baba akatoka ndani akidhani Bibi hasikii vizuri. Alikuwa anasikia. Alikuwa anakula lile jina.

Baadaye akasema tu, "Mama alikuwa sahihi kukataa wanaume." Akaomba maji ya kunywa.

Jumapili tulikwenda. Kutoka Mlandizi kwenda Mzenga ni barabara ya vumbi inayokatisha upande wa Dutumi, si mbali kiasi cha kuandalia safari. Jambo hilo ndilo lilinimaliza. Tangu tumlete Bibi Pwani amekuwa akilala jirani na kaburi la baba yake, akiuliza wageni wa Kigoma na Singida kama wamemwona. Baba yangu ndiye aliyeendesha. Bibi alivaa kitenge chake cha Pasaka.

Shabani alitangulia jana yake, na habari ilishatapakaa. Tukakuta watu wamejaa uani. Wazaramo ni Wazaramo, kabla hatujashuka kwenye gari mama mmoja akapaza sauti: "Wanyamwezi wamekuja kuchukua mzigo wao, walipe gharama za kuutunza!" Watu wakacheka, na Bibi, mama yangu wee, akajibu kutoka dirishani: "Tulipe nini, si mmeutumia mpaka umeisha!"

Uwanja mzima ulilipuka. Hapo nikajua amefika kwao.

Kaburi liko nyuma ya mikorosho, mawe mawili tu, kichwani na miguuni, pamefagiliwa. Wakamwachia nafasi. Nilijua ana maneno aliyokuwa ameyaweka maisha yake yote, na nilikuwa nimejiandaa kuyasikia. Alishika fimbo, akainama kadiri mgongo ulivyomruhusu, akasema, "Mwangaluka." Ile salamu ya asubuhi ya kwetu.

Halafu hakusema kitu kingine. Alisimama pale kama anayeitikiwa.

Tuliporudi uani ndipo wakamleta babu Athumani, yule babu yake Shabani. Ni mzee mno, ndevu nyeupe tupu, haoni vizuri, anashikwa mkono. Ndiye mkubwa wa ukoo wote pale, kila aliyepita mbele yake alikuwa anainama kumwamkia. Shangazi Mwajuma akamwelekeza kwenye kiti cha Bibi. Akasimama mbele yake, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, na yule mzee anayeamkiwa na kijiji kizima akakunja magoti.

"Shikamoo, dada."

Kwao Bibi alikuwa mtoto wa pekee, hajawahi kuwa dada wa mtu.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mdogo wangu."

Na babu Athumani akamwambia, bado amepiga magoti, "Dada, nilikuwa nimeshasahau kuamkia. Wakubwa wangu wote wameisha."

Sina la kuongeza hapo.

Nilichojifunza, kwa upande wa fani: usiamini kipimo kinachoishia mlangoni, fuata anwani mpaka mwisho. Na upungufu mdogo usiuite bug kabla hujaufungua ukaona umebeba nini. Kwa upande wa maisha: waandikeni wazee wenu, akina baba na akina mama, hata wale ambao ukoo hauwahesabu. Kuna mtu mahali fulani anamtafuta mmoja wao.

Mniambie wadau, kuna mwingine humu ambaye ukoo wake una mtu aliyekwenda mkonge asirudi? Na wataalamu wa Python, kama mnaona kipimo changu kilikuwa na kasoro, semeni, nitawawekea code yote muikague. Sijui nifurahi au niogope mkiipata.

Nikichelewa kujibu mnivumilie, nipo njiani kwenda Mzenga kumpelekea Bibi nguo zake. Tulikwenda kwa siku moja, na mpaka leo amegoma kurudi. Nimempigia asubuhi nikamuuliza anarudi lini, akaniambia nimwache kidogo, mdogo wake ndiyo kwanza anaamka na bado hajamwamkia.